Jengo Jipya Lataka Watu

Hospitali ikiongezwa jengo, watu husifu kuta. Mimi nasema tuwatazame kwanza watakaofanya kazi ndani yake. Huko Goma, ng'ambo ya mpaka wetu, Daktari Jo Lusi na mkewe Lyn walianza kazi iitwayo leo HEAL Africa, wakiwafunza madaktari vijana, watoto wa watu wengine. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo, mlima tuuonao kutoka Bugeshi, uliiharibu hospitali yao. Kuta ziliungua, ujuzi haukuungua, wakajenga tena. Bibi Lyn alifariki mwaka 2012, na wagonjwa wakaendelea kutibiwa. Basi tusiombe kuta tu. Je, wangapi kati yetu watasomea uganga na uuguzi, kisha warudi kwao?