Ufunguo Anao Nani?

Mwezi Januari 2021, toleo la 85 la kivinjari cha Firefox liliacha kabisa kuendesha Flash, programu ya kampuni ya Adobe. Baadhi ya wahadhiri tulilalamika, kwa kuwa masomo yetu yenye michoro inayosogea yalizimika siku hiyo. Nami nilipoteza yangu. Hata hivyo, nashikilia kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Msimbo wa Firefox uko wazi: yeyote mwenye ujuzi aweza kuusoma na kuurekebisha. Msimbo wa Flash ulikuwa siri ya mwenyewe. Adobe ilipoacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, hapakuwa na mwingine wa kuziba kasoro zake za usalama. Kuiacha ndani kungekuwa kuwaachia wezi mlango.

Lawama, basi, si za walioiondoa. Ni zetu tuliohifadhi maarifa katika sanduku la mtu mwingine, ilhali onyo lilitolewa tangu Julai 2017. Leo vyuo vyetu vinaponunua mifumo ya matokeo na maktaba, tusiulize bei pekee. Tuulize pia: muuzaji akiondoka, ufunguo atabaki nao nani?