Maabara ya Kwanza Ni Jiko

Kuna kisingizio kimoja kisikikacho kila yanapozungumzwa mafundisho ya sayansi kwa watoto wadogo, nacho ni kwamba shule haina maabara. Kisingizio hicho hakina msingi. Maabara ya mtoto wa miaka sita ni jiko la nyumbani kwao, na vifaa vyake vimo humo tayari.

Chukua unga wa manjano, ndugu mwalimu, uukoroge katika maji, kisha uchovye humo kitambaa cheupe. Mtoto akikipaka maji ya sabuni, rangi hugeuka kuwa nyekundu. Akikikamulia limau, umanjano hurudi. Hapo ameiona kwa macho yake tofauti ya asidi na alkali kabla hajayajua majina hayo. Kila mama aliyewahi kufua nguo iliyomwagikiwa mchuzi wa manjano anaufahamu wekundu huo, lakini ni wangapi kati yetu tuliosoma tuliowahi kuulizwa sababu yake darasani? Moto na maji yachemkayo ni kazi ya mtu mzima. Mengine yote hayana budi kuwa mikononi mwa mtoto mwenyewe, kwani mwalimu akiyafanya peke yake huku watoto wamefunga mikono, amewarudisha katika kukariri kule kule.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa si vifaa, bali ni dhihaka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliweka maziwa yake kwenye friza yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kuwa amechanganyikiwa. Baadaye alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Wanasayansi wangali wakibishana juu yake, na wabishane.

Lakini Mpemba alikuwa kijana wa sekondari, mwenye ukaidi wa kutosha kulishikilia swali lake miaka kadhaa. Mtoto wa darasa la kwanza akichekwa mara moja, hana nguvu hiyo. Hana pia mvulana afukuzwaye jikoni eti kwa kuwa ni mwanamume, wala dada yake aachwaye humo achambue mchele kimya, asipewe nafasi ya kuuliza kwa nini maharage hulainika upesi yakitiwa magadi.