Mabango ya bia nayo ni kumbukumbu

Mabango ya zamani ya bia yaliyochorwa kwenye kuta za Lilongwe yanastahili kupigwa picha na kutunzwa kabla rangi mpya haijayafunika, kwa sababu yanaeleza historia ya viwanda ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa historia. Mwaka 1968, miaka minne tu baada ya uhuru wa Malawi, kampuni ya bia ya Carlsberg ilifungua kiwanda Blantyre, chake cha kwanza nje ya Denmark, na bia ya ugenini ikawa ya nyumbani, watu wakiiita Green kwa rangi ya lebo yake. Mwaka 2016 Carlsberg iliiuzia Castel ya Ufaransa hisa zake; na mali ikibadili mwenyewe, aghalabu ukuta nao hupakwa upya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hoja kwamba bia nayo ni kumbukumbu ina uzito zaidi: Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ambao wamekuwa wakipokelewa pale tangu miaka ya 1990 wametoka nchi zenye majeraha baina yao, lakini wote walilikuta kwao jina lile lile la bia ya Primus, likitoka viwanda vya Bralima ya Kongo, Brarudi ya Burundi na Bralirwa ya Rwanda. Kuna watakaosema kwamba pombe imevunja nyumba nyingi, hasa penye dhiki, na kutunza bango ni kuitangaza. Siwabezi, wanasema kweli kuhusu pombe. Ila bango lililochakaa halimuuzii mtu chupa leo, na likitunzwa vizuri litawekwa kando ya habari za madhara hayo, na za wanawake wapika masese, pombe ya kienyeji, ambao biashara yao haikuwahi kuchorewa ukuta.