Timu ya Ligi Isimkimbie Jirani

Barazani kwetu Likoni, pale tunapokaa baada ya sala ya alasiri kungojea magharibi, kuna ubishi ambao haujakwisha tangu Ramadhani iliyopita. Vijana wa mtaa walicheza kombe lao la mwezi mtukufu, wengine wakiwa wamefunga na midomo imewakauka, na mabingwa walipopatikana wakaona si vibaya siku ya Idi Pili wapambane na timu ya ligi. Wakaandika barua ya adabu, wakaipeleka kwa timu moja ambayo sitaitaja. Jibu lilikuwa fupi: ratiba yetu imejaa. Wiki ile ile tukasikia timu hiyo imecheza mechi ya kirafiki na timu nyingine ya ligi iliyokuwa ikipita njia.

Tangu hapo baraza limegawanyika. Wako wasemao timu ile haikukosea. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia, "Bwana, hebu fikiri. Wakishinda, nani atawasifu kwa kuwapiga watoto wa mtaani? Wakishindwa, watachekwa toka Likoni mpaka Miritini. Na mchezaji akivunjika mguu katika uwanja ule wa mchanga, mganga atalipwa na nani?"

Hoja hizo zina uzito, nami sizidharau, hasa ile ya mguu. Lakini hiyo ya kuogopa kuchekwa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana ikikubaliwa, pwani yetu itakuwa imeacha jambo lililoijenga.

Sisi watu wa mwambao tumeishi kwa kushindana na jirani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alitungiana mashairi na watu wa Lamu, na lau Lamu wangenyamaza kwa kuona hadhi yao haiwaruhusu kumjibu, sehemu kubwa ya mashairi yake tusingekuwa nayo leo. Tazama pia ngoma ya beni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji huu uligawanyika kati ya Kingi na Scotchi, watu wakatumia mali zao katika magwanda, tarumbeta na karamu ili tu wawashinde wenzao. Wazee wengine waliona ule ni ufujaji, na huenda walisema kweli. Hata hivyo, hakuna aliyeona fahari kukaa nyumbani siku mwenzake anapiga ngoma.

Mpira wa miguu ulirithi moto huo huo. Mashabiki wetu wa zamani hawajasahau kwamba mwaka 1965 bingwa wa taifa zima la Kenya alikuwa Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa. Timu haifiki huko kwa kuwakwepa walio karibu nayo.

Leo mambo yamekaa namna nyingine. Timu ya pwani ikipanda daraja, kalenda yake huandikwa Nairobi. Itasafiri mpaka Kakamega na Kisumu, usiku kucha ndani ya basi, lakini haitavuka feri dakika kumi kuja Mtongwe. Kijana wa Kongowea anaweza kumaliza miaka yake yote ya kucheza pasi na kukanyaga uwanja wa Likoni, na wa Chaani asijue Bamburi wanachezaje. Bara zetu tatu, kusini, kaskazini na magharibi ya kisiwa, zinaonana sokoni, mazikoni na harusini tu.

Nilidhani maradhi haya ni yetu peke yetu. Mtoto wa ndugu yangu, anayesoma Marekani, akanionyesha kwamba sivyo. Huko vyuo vikuu vina mpira wao ule wa kubeba mkononi, na vimejipanga katika jumuiya kubwa kubwa. Kila chuo lazima kicheze na wanajumuiya wenzake, na nafasi chache zinazobaki ndizo hugombaniwa: tumwalike nani wa nje? Chuo cha Oklahoma na jirani yake Oklahoma State, ambao wametengana yapata maili 80 tu, walikutana kila mwaka tangu 1910. Vita viwili vya dunia vilipita wakicheza. Mwaka 2024 Oklahoma ikahamia jumuiya nyingine yenye fedha nyingi za televisheni, na mchezo ule ukakoma. Wa mwisho ulichezwa 2023, Oklahoma State ikashinda 27 kwa 24. "Ami," akaniambia yule kijana, "kila upande unasema ratiba imejaa." Nikacheka, maana maneno hayo nilikwisha yasikia kwetu.

Akanisimulia na kisa kingine. Mwaka 2007 chuo kikubwa cha Michigan, kilichohesabiwa cha tano kwa ubora nchini mwao, kiliwalipa Appalachian State, wa daraja la chini, dola 400,000 waje wacheze, yaani waje wapigwe. Mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja wale wageni wakashinda 34 kwa 32. Michigan walichekwa kweli kweli, lakini chuo chao kingali kipo na uwanja wao ungali unajaa.

Na kwetu je? Januari 2019 Bandari walikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya mwaliko, nje ya ligi kabisa, wakawapiga Simba 2-1 katika nusu fainali. Simba wakati ule walikuwa wakicheza hatua ya makundi ya klabu bingwa Afrika. Wangeweza kusema mechi ile haiwafai, na wasingelaumiwa na wengi. Walicheza, wakashindwa, na heshima yao haikupungua hata chembe. Bandari nao walifungwa 1-0 na Kariobangi Sharks katika fainali, na Sharks wakapata kwa njia hiyo nafasi ya kucheza na Everton ya Uingereza hapo Kasarani, wakawatoa kwa penalti. Haya yote yalitokana na mechi zisizo na pointi hata moja.

Ninaloomba si kubwa. Viongozi wa timu za ligi watenge siku moja kwa mwaka, ndani ya mfungo mosi, baada ya vijana kumaliza zile sita za Shawwal, wacheze na bingwa wa kombe la Ramadhani wa bara mojawapo. Mapato ya langoni yawekwe kwanza kwa matibabu ya atakayeumia, hapo hoja ya mwalimu wangu itakuwa imejibiwa. Uwanja ukaguliwe siku mbili kabla, mawe na vipande vya chupa viokotwe. Mechi ianze saa kumi kamili ili watu wawahi magharibi, na refa atoke mtaa usiohusika.

Nilipoyasema haya barazani, mwalimu alikubali, na hata wale wakaidi wakaanza kulainika. Kisha mmoja akauliza mechi ya kwanza ichezwe bara ipi. Wa kwetu wakasema Likoni, maana sisi ndio tuliokataliwa. Mgeni mmoja wa Kisauni, aliyekuja kumtazama dada yake, akasema wao wana daraja tangu zamani, basi aliyezoea kungoja feri na aendelee kuvuka. Ubishi ukaanza upya, na adhana ilipolia tulikuwa bado hatujapatana.