Kona ya Mwalimu: Barua za Mwimbaji

Mwezi huu nawaletea habari za mwimbaji wa Marekani, Woody Guthrie. Alizaliwa Oklahoma mwaka 1912, akafa 1967. Kwa gitaa lake aliimba juu ya wakulima waliokimbia ukame na vumbi miaka ya 1930, wakaenda California kutafuta vibarua, na huko wakadharauliwa. Yaani watu kama sisi, ingawa wao hawakuvuka mpaka.

Bwana huyu aliandika kitabu cha maisha yake, kikatoka 1943. Kitamu, lakini chumvi imo. Sasa anayetaka ukweli afanye nini? Atafute barua. Kitabu ni cha watu wote, barua ni ya mtu mmoja, na mara nyingi ina tarehe na mahali. Ila uangalie anamwandikia nani: anayembembeleza mke haandiki kama anayekopa pesa. Barua moja haitoshi.

Mwandiko nao unasema. Guthrie aliugua Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo. Hata mama yake alikuwa nao. Kumbe wengine walidhani ni pombe! Toka 1956 hadi 1961 alilazwa hospitali ya Greystone Park, New Jersey, na katika barua za miaka ile unaona herufi zinavyolegea. Marjorie, waliyekwisha kuachana, ndiye aliyezitunza karatasi zake. Leo ziko mjini Tulsa, katika kituo kilichofunguliwa 2013.

Tuje kwetu. Humu kambini wapo wazee wapiga gitaa na likembe ambao hawakurekodiwa hata siku moja. Barua zao ziko chini ya godoro, pamoja na zile karatasi za Msalaba Mwekundu. Nyingine nimeziona zimefungia karanga! Na familia ikirudi nyumbani au ikipelekwa nchi ya tatu, mzigo unapimwa kilo, karatasi ndizo za kwanza kutupwa.

Jamani, zitieni kwenye mfuko wa nailoni, panya na mvua visizifikie. Bahasha msitupe, muhuri wa posta una tarehe. Mwenyewe akiwa hai aombwe ruhusa kwanza, maana mambo ya ndoa yamo humo. Na ninyi vijana mnaonakili, msimsahihishie mzee makosa yake, andikeni vilevile alivyoandika.

Anayetaka msaada wa kunakili anikute shuleni Jumamosi saa nane. Aje na daftari na kalamu, za shule zimekwisha.