Sahihi ya Kutosusia

Sisi tulao mshahara wa Serikali tumezoea kutia sahihi. Twaahidi kutunza siri za ofisi, wala hapana anung'unikaye, maana siri hizo ni za ofisi. Lakini huko Marekani imezuka hati ya namna nyingine, nayo yatupasa kuifikiri.

Mwaka 2017 jimbo la Arkansas lilitunga sheria kwamba afanyaye mapatano na serikali ya kazi ya dola 1,000 au zaidi athibitishe kwa maandishi kuwa haisusii Israeli, wala hataisusia muda wote wa mapatano. Asiyekubali, na apunguze bei yake kwa sehemu 20 katika mia. Gazeti la Arkansas Times, lililokuwa likichapa matangazo ya chuo kimoja cha serikali, lilikataa. Wala halikuwa likiisusia Israeli! Lilikataa tu kutoa ahadi ya siasa ili lipate matangazo.

Mwaka 2021 jopo la majaji watatu wa rufani lililipa gazeti haki. Juni 2022 mahakama hiyo hiyo, ilipoketi kwa wingi wa majaji wake, ikaitengua hukumu ile. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Walioshinda walisema kwamba kutonunua si kusema: mtazamaji hajui kwa nini fulani hakununua mpaka aelezwe, na kueleza hakukukatazwa. Wengine huongeza kwamba kususia taifa ni kubagua watu wake. Hoja hizi si za kubezwa.

Lakini tuwatazame Waamerika weusi wa Montgomery, walioacha kupanda mabasi ya mji kwa siku 381, tangu Desemba 1955. Nani alihitaji kuelezwa maana ya mabasi yale matupu? Jimbo la Alabama lilielewa barabara, likatoa sheria yake ya mwaka 1921 ya kuzuia kususia, na mwaka 1956 Martin Luther King akatozwa faini ya dola 500. Na mwaka 1982, katika shauri la wenye maduka wa Port Gibson, Mississippi, Mahakama ya Juu yenyewe iliwakinga watu weusi waliowasusia kwa amani.

Serikali ikinunua matangazo, na ipewe matangazo. Nami nawauliza wenye kuitetea sheria ya Arkansas: ikiwa kususia ni ubaguzi, mbona mtu aruhusiwa kuendelea nao akipunguza bei sehemu 20 katika mia? Mwenye jibu na amletee Mhariri.