Pigeni Kura Mnakoishi

Wananchi wenzangu mnaoishi Ruiru, Ruaka, Juja, Kinoo na Githurai 45, haya nawaelekezea ninyi kwanza. Kila jioni mnapanda matatu jijini Nairobi, mnavuka mpaka wa kaunti bila kuutambua, mnashuka Kiambu. Humo garini siasa haikosi. Mmoja anamtetea gavana wa Kakamega, wa pili anamponda wa Kisii, wa tatu anasifu barabara mpya ya kwao Machakos. Wanajua majina, wanajua miradi, wanajua hata nani alikosana na nani siku ya mchujo. Lakini waulize mwakilishi wa wadi wanakoshukia ni nani, na gari zima linanyamaza.

Jambo hili linaniuma, na sitaki tuendelee kulizoea.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu, ya pili nchini baada ya Nairobi. Wengi wa wapangaji wa magorofa yale hawakuzaliwa humo. Walifuata kazi jijini, kodi za jiji zikawashinda, wakahamia ng'ambo ya mpaka, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kukamilika mwaka 2012. Nyumba zikaota palipokuwa na kahawa. Mabomba ya majitaka hayakuota pamoja nazo.

Simama kwenye steji yoyote ya mitaa hiyo mvua ikishanyesha. Mama mboga amepandisha magunia ya sukuma wiki juu ya kreti za soda, kwa maana maji meusi yanapita chini ya meza yake. Wateja wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe, suruali zimekunjwa, viatu viko mkononi. Lori la kunyonya choo linanguruma mbele ya gorofa, na mwenye nyumba atahakikisha gharama yake inawafikia wapangaji. Majitaka hayo, mtaro uliozibwa, taa ya barabara iliyozimika, takataka zisizozolewa, soko lisilo na paa, zahanati isiyo na dawa: yote hayo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyakabidhi serikali ya kaunti. Kuidhinisha ramani za majengo ni kazi yake pia, na vilevile kuzima moto na kuendesha shule za chekechea. Hapo usimlaumu Rais, wala mbunge. Mtafute gavana, kisha ulitafute bunge la kaunti linalopaswa kumchunguza.

Sasa huyu aliyeshika viatu mkononi amejiandikisha wapi kupiga kura? Kwao kijijini, Butere. Siku ya uchaguzi atalipa nauli iliyopandishwa, asafiri usiku kucha, akachague gavana ambaye kazi yake ataiona Desemba akienda likizo. Gavana wa mahali anapolala, anapougulia na anapopeleka mtoto chekechea, amemwachia mwingine amchagulie.

Najua jibu mtakalonipa. Ushago ndiko waliko wazee na makaburi, ndiko shamba lilipo, na asiyepiga kura kwao huonekana amepotea. Siidharau hoja hiyo. Wapo wenye sababu nyingine nzito zaidi, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: wanaogopa kuitwa wageni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya waliuawa na kufukuzwa walikokuwa wakiishi kwa sababu ya kabila, na aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa asahau. Kwa hiyo wenyeji wa Kiambu nao nina neno nao. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Mpangaji analipa kodi ya nyumba kwenu, ananunua maziwa kwenu, analipia leseni ya kibanda kwenu. Mkimkaribisha dukani, mkaribisheni na kwenye mjadala wa ugavana, tena mumsikilize, kwa sababu anaujua mtaro wa mtaa wake kuliko mgombea yeyote.

Na mjadala wenyewe unahitaji kurekebishwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 Kiambu imeongozwa na William Kabogo, Ferdinand Waititu, James Nyoro na Kimani Wamatangi. Kabogo aliangushwa 2017. Waititu aliondolewa na Seneti Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani katika kesi ya zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588. Nyoro, aliyekuwa naibu wake, alirithi kiti, akashindwa 2022. Basi wapiga kura wa Kiambu hawaogopi kumfukuza kiongozi. Tatizo lao ni kwamba hawamhoji kabla ya kumwajiri. Mwaka 2022 walioomba kiti walikuwa watu wenye rekodi: magavana wawili waliokwisha kukikalia, seneta wa kaunti, mbunge wa Gatundu Kusini na mbunge wa Thika Mjini. Kila mmoja angeweza kuulizwa alifanya nini na mamlaka aliyokuwa nayo. Vijiweni yakatawala mengine: chama gani kina wimbi, na nani yuko karibu na mgombea yupi wa urais. Wimbi la chama halizibui mtaro.

Mgombea akija kanisani au sokoni, msimuulize habari za polisi wala mtihani wa kidato cha nne. Hayo si yake, na atafurahi kuyazungumza kwa sababu hatadaiwa. Muulizeni kama amesoma ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, inayotolewa kila robo mwaka. Sheria inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo: muulizeni ni kiasi gani kilitengwa, na ni kiasi gani hasa kilitumika. Muulizeni atawalipa lini wakandarasi wadogo wanaoidai kaunti. Mtajieni mtaa mmoja kwa jina, mumwambie aeleze majitaka yake yataelekea wapi, na kwa fedha zipi. Akijibu kwa wimbo na kofia, mumemjua.

Kuhamisha kura si kazi ngumu, ila kuna muda wake. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi litolewe si chini ya siku 90 kabla ya kura. Kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, mlango huo unafungwa kabla ya katikati ya Mei. Chukua kitambulisho, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge unakoishi, na ukiwa kwenye foleni muulize aliye mbele yako anamfikiria nani kwa ugavana, na kwa sababu gani.